Sanduku la Vyura

Wahenga walinena kwamba kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Mwaka 2022, hapa kwetu Burat katika Isiolo, methali hiyo ilikuwa ngumu kuifundisha. Misimu minne ya mvua ilikuwa imekwisha kupita pasipo mvua ya kutosha, na wa tano ukaandama mwendo huo huo. Ng'ombe walikufa, na sauti ya chura haikusikika.

Ndipo nilipotaka wanafunzi wangu wamjue chura kabla hawajamsahau. Nilikumbuka habari za Nathaniel Bagshaw Ward, tabibu wa London, aliyegundua yapata mwaka 1829 ya kuwa mimea huweza kuishi ndani ya chombo cha kioo kilichofunikwa: maji hupanda kama mvuke, huganda kiooni kwa matone, kisha hurudi udongoni. Tuliunganisha vioo vya madirisha ya zamani kwa gundi, tukapata sanduku la urefu wa sentimita 90. Upande mmoja tulitandika kokoto, makaa yaliyopondwa, kisha udongo, tukapanda nyasi za ukingo wa mto. Upande wa pili tulitia maji ya kina cha sentimita 8, tukapanga mawe mfano wa ngazi, maana chura naye huweza kufa maji akikosa pa kupandia. Juu tulifunika kwa wavu wa waya ili hewa ipite, na sanduku tukaliweka kivulini. Vyura wawili tuliwaokota katika mfereji wa shamba uliokuwa ukikauka.

Mmoja alikufa siku ya tatu, na kosa lilikuwa langu. Nilimshika kwa mikono yenye sabuni, tena nilitia maji ya bomba papo hapo, yenye dawa ya klorini. Chura hanywi kwa kinywa. Hunywa kwa ngozi, na kwa ngozi hiyo hiyo huvuta sehemu ya pumzi yake. Tangu hapo maji tuliyaacha wazi katika beseni mchana na usiku ili klorini ipungue, na mikono tukaiosha kwa maji matupu.

Juma la pili msichana mmoja, ambaye baba yake alikuwa amepoteza mbuzi wengi, alisimama akauliza, "Mwalimu, twampaje chura maji, na mbuzi wetu wanakufa kwa kiu?"

Darasa lilinyamaza. Ningeweza kumwambia kwamba sanduku lilihitaji lita moja tu kwa juma. Maneno hayo yangekuwa kweli, lakini yasingekuwa jibu. Nilisema, "Umeuliza vyema, mwanangu. Kuanzia leo maji yake yatatoka katika ndoo yangu ya kuogea."

Kisha niliwaeleza kwamba katika nchi kavu wako vyura wajizikao ardhini wakati wa kiangazi, wakaingoja mvua kwa miezi mingi. Kwa hiyo ukimya wao si mauti.

"Mbuzi hajui kufanya hivyo," akasema msichana yule, akaketi.

Sikuwa na la kuongeza. Lakini kesho yake alikuja na mchwa katika mkebe, akawamwaga sandukuni kwa mkono wake, akasimama kumtazama chura akirusha ulimi. Tangu siku ile hakukosa kuleta chakula.

Mvua zilirudi Machi 2023. Tulimrudisha chura penye mfereji tulikomtoa, na aliyebeba beseni ni yeye. Hakusema neno, aliliinamisha polepole mpaka chura akaruka mwenyewe. Usiku ule vyura walilia hata usingizi ukanikimbia, nami sikulalamika.

Sanduku lingali darasani, lina nyasi tupu. Sikutia chura mwingine ndani yake. Wako mferejini sasa, nasi twaenda kuwatazama huko.