Barua Zilizofungua Njia

Mtu asafiriye kwa motakaa toka New York hata Boston, mashariki ya Marekani, hupita juu ya lami. Huenda asijue ya kuwa njia ile ilianza kwa farasi mmoja na mifuko ya barua.

Zamani nchi ile ilikuwa makoloni ya Waingereza. Vijiji vya walowezi vilikuwa mbalimbali, na katikati ni msitu. Tangu mwaka 1639 barua zilizotoka ng'ambo zilishushwa Boston, nyumbani kwa Bwana Richard Fairbanks. Lakini barua ya kwenda koloni la jirani ilingoja msafiri. Asipotokea, nayo ililala.

Gavana Francis Lovelace wa New York aliona shida hiyo. Tarehe 22 Januari 1673, wakati wa baridi kali, tarishi wake wa kwanza alipanda farasi kwenda Boston, mwendo wa maili 250 hivi. Barua zilikusanywa katika sanduku lenye kufuli, kisha zikagawanywa katika mifuko, kila mji na mfuko wake. Ilipangwa kwamba akifika Hartford aache farasi aliyechoka na kupewa mwingine. Boston alifika baada ya majuma mawili hivi.

Kazi yake haikuwa barua tu. Aliagizwa aulizie vivuko, afuatane na wasafiri waliotaka kwenda naye, tena achonge alama katika miti ili wajao nyuma wasipotee. Aliagizwa pia asaidie kuwakamata askari na watumishi waliotoroka. Basi njia ile ile iliyomletea mzazi habari za mwanawe ilimtia mtoro hofu.

Posta ile haikudumu. Mwezi wa Agosti 1673 Waholanzi waliuteka mji wa New York, safari zikakoma. Waingereza waliurudisha mwaka 1674. Mwaka 1692 Thomas Neale alipewa hati ya kifalme ya kuendesha posta ya makoloni, na mwaka uliofuata matarishi wakashika njia tena. Polepole kijia kikapanuka, yakapita magari ya kukokotwa na farasi, hata zikaja motakaa.

Hata leo sehemu nyingi za barabara ile huitwa Boston Post Road, yaani Njia ya Posta ya Boston. Barua ikisomwa, kazi yake imekwisha. Bali njia iliyofunguliwa kwa ajili yake huwafaa hata wasioandikiwa.