Tasbihi Tatu za Kupiga Mayai

Nawaandikia kutoka Mpanda, mkoani Katavi, mbali kabisa na bahari. Ninaoka keki na mikate ya harusi nyumbani, huu ni mwaka wa saba. Mabinti wanaotaka kuanza biashara hii huniuliza nimesomea chuo gani. Cheti nilicho nacho ni cha ushonaji. Kuoka nimejifunza kwa bibi mzaa mama, na mengine nimejaribu mwenyewe usiku watoto wakishalala.

Bibi ni mzaliwa wa Ujiji. Aliletwa Mpanda akiwa bibi harusi mbichi, miaka ya 1950, babu alipopata kazi kwenye reli. Tawi hili la reli kutoka Kaliua lilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ukafungwa, treni ikabaki, na bibi akabaki. Ujiji ni mji wa zamani wa Waislamu, misafara ya kutoka pwani ilikuwa ikifika pale, kwa hiyo msishangae mtu wa Ziwa Tanganyika akijua mkate wa kumimina kama mnavyoujua ninyi wa visiwani. Tofauti ni nazi. Huku nazi huja kwa lori na bei yake unaweza kulia. Bibi alikuwa anakamua tui la nazi moja, anakamilishia maziwa ya ng'ombe, na wageni hawajui.

Lakini ulionifundisha karibu kila kitu ni mkate wa mayai. Hauna baking poda wala siagi. Ni mayai, sukari, unga wa ngano na iliki. Kinachouinua ni hewa tu, ile inayoingia mayai yakipigwa. Kazi yangu nikiwa na miaka saba au nane ilikuwa kukaa juu ya mbuzi ya nazi nimeshika tasbihi ya bibi, namswalia Mtume (s.a.w.) kwa sauti huku yeye anapiga. Tasbihi ina punje 99. Nikizimaliza mara tatu, bibi anasimama, ananyanyua kipigio, anaandika alifu juu ya povu. Alifu ikikaa bila kuzama, unga unaingia. Ikizama, ananiambia, "Endelea, mke mwenzangu."

Nimekuja kupima kwa simu nikiwa mtu mzima. Tasbihi tatu ni dakika kumi na tano na kidogo. Mashine yangu ya umeme inafika hapo kwa dakika nane, na alifu bado naiandika.

Na mayai hakuwa anayahesabu. Sukari aliipima kwa bakuli lake la bati, kisha mayai akayapasua kwenye bakuli lile lile mpaka yafike pale sukari ilipofika. Mwanzoni niliona ni mazoea tu. Nilipoanza kununua mayai ya kuku wa kisasa ndipo nikaelewa. Mayai ya kienyeji ni madogo, kumi yake ni kama saba ya kisasa. Ukifuata maelezo ya mtandaoni yanayosema "mayai kumi" bila kusema ya kuku gani, utapata uji au utapata tofali.

Miaka minne iliyopita macho ya bibi yalianza kufifia. Hapo ndipo nilipoona hatari iliyopo. Hakuna hata kitu kimoja kilichoandikwa. Binamu zangu walioolewa Tabora na Sumbawanga wote wanapika mkate wa kumimina wa bibi, na hakuna mikate miwili inayofanana. Kila mmoja anaapa kuwa wake ndio wenyewe, na kila mmoja anataja konzi kumi za mchele.

Basi mwezi mzima wa Shaaban nilikwenda kwa bibi na mizani. Ushonaji ulinisaidia hapa. Fundi anayekata kwa macho hukata vizuri mpaka siku anapoingia mteja mwenye mwili mwingine. Nilimwambia bibi achote mchele kama anavyochota siku zote, nikapima kila konzi. Bibi akacheka, akasema sasa nampima mkono kama nampima gauni. Konzi yake ilikuja gramu 60. Yangu gramu 45. Konzi kumi za bibi ni gramu 600, zangu ni 450, na tui ni lile lile! Sisi wajukuu wenye viganja vidogo tulikuwa tunapika mkate mwembamba na kuilaumu hamira.

Kitu kingine alichonisisitizia ni mchele wa zamani. Mpunga uliovunwa juzi una utomvu, mkate wake unanata katikati hata ukikaa motoni saa mbili. Yeye anataka mchele uliokaa ghalani angalau msimu mmoja. Kwetu hili lina uzito, kwa sababu harusi nyingi hufungwa baada ya mavuno, watu wakishauza mazao, yaani wakati ule ule sokoni kumejaa mchele mpya.

Moto sitaueleza sana. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na subira. Nina oveni siku hizi lakini umeme ukikatika najua pa kukimbilia.

Mambo ya leo nayo nimelazimika kuyajifunza, maana mabibi harusi wanataka keki za ghorofa zilizovishwa fondanti. Dada, soma lebo. Fondanti nyingine zina jelatini, na jelatini inaweza kuwa ya nguruwe. Zile peremende laini nyeupe ambazo watu huyeyusha kutengeneza fondanti ya nyumbani ndizo usiziamini kabisa kama hazikuandikwa halali. Arki nyingi za vanila zimetengenezwa kwa alkoholi. Masheikh wana maneno yao juu ya kiasi kidogo, mimi nimeona niepuke, natumia iliki na ganda la limau. Vile visanamu vya bwana na bibi harusi juu ya keki sitengenezi. Nimepoteza wateja kwa hilo, na wateja hao nawapenda bado.

Jambo linaloninyima usingizi ni jingine. Mwaka jana alikuja mama na binti yake. Binti amenionyesha picha kwenye simu, keki ya ghorofa tano. Nikawapigia hesabu, mama akanyamaza, kisha akasema atakopa kikoba. Nikauliza watu wangapi. Mia mbili. Nikamwambia, "Mama, katika keki hii ghorofa tatu zitakuwa boksi lililopakwa, haliliwi. Utalipa deni la boksi mpaka mjukuu azaliwe." Nikawapa hesabu ya pili: keki ndogo ya kukata, na sinia sita za mkate wa mayai na wa kumimina kwa wageni. Ilikuwa chini ya nusu ya bei. Faida yangu nayo ilikuwa chini ya nusu, na mwezi ule nilikuwa na ada ya shule ya kulipa.

Binti alitoka nje analia. Mama akakubali.

Siku ya walima mashangazi wa upande wa mume walinong'ona kuwa keki haina ghorofa. Wazee wao walifunga vipande kwenye leso wakaenda navyo nyumbani. Sinia zilirudi tupu. Mama yule tukionana sokoni ananishika mkono kwa nguvu. Binti akiniona ananisalimia, anapita. Ni siku yake moja, na mimi ndiye niliyeingia kati yake na picha yake. Tangu hapo simwambii mtu afanye lipi. Naandika hesabu mbili kwenye karatasi kabla sijapokea shilingi, na pembeni ya ile kubwa naandika wazi kipi kinaliwa na kipi ni boksi. Mama na binti wanakwenda kusomeana nyumbani. Wengine wanachagua ghorofa, nami nawaokea kwa moyo wote.

Msimu huu nina harusi nne, inshaallah, mbili zimetaka sinia. Mpunga mpya umeshaanza kuingia sokoni. Magunia mawili ya mwaka jana nimeyaficha chini ya meza ya cherehani, na bibi kila nikienda ananiuliza kama bado yapo.