Nilikwenda Mamboya na kisu cha Rambo, kikatuumbua

SIKU niliyokitoa kwenye boksi lake, nilijiona mwanaume wa shoka. Bapa refu limekwenda hewani, mgongoni lina meno kama msumeno. Mpini mnene mweusi, na kwenye kitako chake kuna dira. Ukikifungua kile kifuniko cha dira, ndani ya mpini mna tundu, na ndani ya tundu mna njiti za kiberiti, ndoano na uzi wa kuvulia samaki. Samaki wa wapi huko milimani? Sikujiuliza. Machinga wa Kariakoo aliniambia, "Kaka, hiki ndicho chenyewe cha Rambo," nami nikaingia mfukoni bila kupunguziwa hata senti.

Kwa nyie wa juzi, rambo ni ule mfuko wa plastiki uliopigwa marufuku Juni 1, 2019. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tunamjua Rambo mwenyewe, Sylvester Stallone, aliyeanza kutesa mwaka 1982. Kisu alichoshika kwenye filamu ile ya kwanza kilitengenezwa na fundi wa kweli, Jimmy Lile wa Arkansas huko Marekani. Changu kilikuwa picha ya kile, kwa maneno mengine, feki.

Safari yenyewe ilikuwa ya watu watatu: mimi, mshikaji wangu mwenye kisuzuki cha gia za mkono, na dada yake, mama ntilie mwenye genge lake Manzese. Mpango ulikuwa siku mbili Mamboya, kisha tushuke Kilosa, tupite kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba, tumalizie Mikumi kuwaangalia tembo. Hema la kuazima, magodoro mawili, jiko la mkaa, maji, na mimi na kisu changu kiunoni.

Kutoka Dar unaitafuta Morogoro, halafu unashika barabara ya Dodoma. Unapita Dakawa, unapita Dumila kwenye vitunguu na nyanya za kando ya barabara, kisha milima ya Ukaguru inaanza kukukaribia. Hapo unaacha lami na kufuata vumbi. Mashamba ya mahindi na maharage, migomba mabondeni, mawe makubwa yamekaa juu ya vilima kama yamesahauliwa. Jua likizama tu, baridi inaingia ndani ya fulana. Mtu wa Manzese unajikuta unaulizia sweta.

Msidhani sisi ndio wa kwanza kupiga kambi Mamboya. Karne ya 19 misafara ya kutoka pwani kwenda Mpwapwa na bara ilikuwa ikipita huku, wapagazi wamebeba vitambaa, shanga na nyaya vichwani. Wamisionari wa CMS waliweka kituo hapa, na mmoja wao, Joseph Last, akakaa na Wakaguru mpaka akaandika kitabu cha sarufi ya Kikaguru, kikachapwa London mwaka 1886. Watu wamelala kwenye vilima hivi bila dira ya plastiki na wakafika walikokuwa wakienda.

Adabu ya kupiga kambi kijijini ni kupiga hodi kwanza. Tukaenda kwa mwenyekiti. Mzee mtaratibu, kofia kichwani, Mkaguru wa pale pale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni." Macho yake yakashuka kiunoni kwangu, yakaganda pale. "Kijana, hicho cha kazi gani?"

"Cha kambi, mzee."

"Kambi ya JKT?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikacheka kidogo. Mzee hakucheka hata kidogo. Akaniomba, kwa upole, nikiweke ndani ya gari.

Kwanza nilimwona mshamba. Baadaye nikakumbuka wilaya niliyokuwemo. Kilosa hii hii, Desemba 2000, pale Rudewa Mbuyuni, wakulima na wafugaji walipambana na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Mtu aliyeishi na habari kama hiyo hawezi kumwona mgeni mwenye jambia kiunoni akadhani ni fasheni. Mkulima akiwa na panga, panga lina udongo na majani. Kazi yake inaonekana. Langu lilikuwa linang'aa tu. Lilikuwa linasema, "Niogopeni." Nani kaniambia nije kuogopwa na watu ninaowaomba mahali pa kulala?

Jioni dada akabandika sufuria. Akatoa kisu chake kwenye ndoo ya vyombo, kimeviringishwa kwenye kipande cha kadibodi. Kisu cha jikoni, mpini wa mbao uliokolea mafuta, bapa limeliwa na kinoo mpaka limekuwa jembamba. Akamenya vitunguu, akakata nyama ya mbuzi, akachanja kuku wa kesho. Akakata hata kamba ya hema iliyotushinda. Mimi nikataka kusaidia kwenye nyanya, nikachomoa Rambo wangu. Nyanya ikapasuka kama nimeikalia. Makali hakuna, na bapa lenyewe nene kama rula ya shule.

"Kaka, hebu kaa," dada akaniambia.

Tungekaa, yote haya yasingetokea. Lakini mshikaji wangu akasema moto wa mkaa hauna raha, tuwashe wa kuni kama kwenye video. Tukanunua mzigo mdogo wa kuni kwa jirani. Zilikuwa nene. Badala ya kuazima panga au shoka, akauchukua ule urembo wangu, akauweka juu ya gogo, akaanza kuugonga mgongoni kwa jiwe. Kwa! Kwa! Mara ya tatu mpini ukabaki mkononi kwake peke yake. Bapa likaruka na kumchana kiganja, kati ya dole gumba na kidole cha shahada.

Msomaji, damu ya mchana na damu ya usiku si kitu kimoja. Kwenye mwanga wa tochi ya simu inaonekana nyeusi na haina mwisho. Mimi nilibaki nimesimama na dira mkononi. Dira!

Dada yake ndiye aliyekuwa na akili. Akachukua kanga safi, akaikunja, akaikandamiza juu ya jeraha kwa nguvu zake zote na kumwinua kaka yake mkono juu ya usawa wa moyo. Mimi nikataka kufunua nione. Akanikemea, "Usichungulie! Ukichungulia inaanza upya." Akakandamiza dakika kumi nzima bila kuachia. Alijifunzia gengeni, kwa wasichana wake wanaojikata wakimenya viazi.

Sasa nani aendeshe gari? Mwenye gari mkono umefungwa. Dada hajui. Mimi leseni sina, na gia za mkono zinanishinda hata mchana. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Watu watatu, gari zima, mafuta ya kutosha, na hatuwezi kusogea hata hatua moja. Nikakimbia gizani kwa mwenyekiti. Yule mzee akavaa koti, akamwamsha kijana wa bodaboda, wakaondoka na mgonjwa wetu. Mzee mwenyewe akafuata na bodaboda ya pili, nami nyuma yake.

Hospitalini mganga akatazama jeraha, akauliza swali ambalo angeuliza mganga yeyote: kakatwa na nani? Mna PF3? Mnaijua hiyo fomu ya polisi. Kidonda cha kisu, usiku, vijana wageni. Na mimi ndiye mwenye kisu. Nikafungua mdomo, maneno hayatoki. Mzee akajibu kwa niaba yetu: "Daktari, hawa ni watoto wa mjini, walikuwa wanacheza kambi. Kisu nilikiona mimi mchana. Kimevunjika chenyewe."

Mgonjwa akashonwa nyuzi sita na kuchomwa sindano ya pepopunda. Mganga akatuambia mshipa wa kidole umekoswa kidogo sana. Mshikaji wangu ni fundi wa kurekebisha saa. Vidole vyake ndio ajira yake. Kila nikifikiria ule ukoswaji kidogo, usingizi hunipotea.

Asubuhi tuliviokota vipande, mwenyekiti akavigeuza geuza. Akanionyesha penye kuvunjika. "Tazama msuka," akasema. Msuka, kama humjui, ni ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Wa kwangu ulikuwa kijiti kifupi kilichoshikwa na nati, kwa sababu ndani ya mpini palihitajika nafasi ya ndoano na viberiti. Kisha akaniletea kisu chake, kilichofuliwa na mhunzi kutokana na springi ya gari. Kibaya wa sura, cheusi. Nikakipitisha kwenye nyanya, nyanya ikafunguka yenyewe.

Kwa hiyo, msomaji unayepanga kutoka na gari wikiendi, nakupa bure nilichokinunua kwa damu ya mwenzangu.

Kwanza jiulize kisu kitafanya nini. Mwenye gari na jiko anakata vitunguu, nyama, mkate, kamba na parachichi. Hapambani na chui. Kisu cha bapa la sentimita 10 hadi 12 kinamaliza kazi zote hizo.

Pili, tazama msuka. Chagua kile ambacho unaona chuma kimepita katikati ya mpini mpaka mwisho, mbao zimebanwa pande mbili kwa ribiti. Mpini wenye tundu mwachie Stallone.

Tatu, kama unataka cha kukunja, hakikisha kina komeo. Opinel, kisu cha Wafaransa cha tangu 1890, kina pete shingoni unayoizungusha ili bapa lisikurudie vidoleni. Pete hiyo waliiongeza mwaka 1955. Kisicho na komeo ni cha kumenyea chungwa tu, usikitumie kuchimbia wala kusukumia.

Nne, chuma. Kile kisichoshika kutu hakisumbui ukikisahau kwenye maji. Chuma cha kawaida kama cha mhunzi kinanoleka upesi, lakini ukikatia ndimu kinabadilika rangi, na ukikiacha na unyevu kinaota kutu. Kifute, kikaushe, kipake mafuta kidogo ya kula. Chochote utakachochukua, kinoe kabla ya safari. Kisu butu unakisukuma kwa nguvu, na kitu cha kusukuma kwa nguvu kikiteleza hakichagui pa kwenda. Kinoo huna? Geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyong'aa inanoa vizuri.

Tano, kuni si kazi ya kisu. Chukua mkaa, au azima panga. Na kisu kikae kwenye ala, hata ya kadibodi, ndani ya ndoo ya vyombo. Si kiunoni. Kiunoni unawaambia wenyeji maneno usiyoyajua mwenyewe.

Mikumi hatukufika. Tembo tuliwaacha, Kilosa tukaiacha, tukamlipa dereva wa pale kijijini atufikishe Morogoro, na kutoka pale binamu yao akaja kulichukua gari. Mshikaji wangu nyuma kalala, mkono umefungwa kwenye kanga ya dadake. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Pale Mamboya nyama ililiwa, na aliyekuwa na kisu kikali alikuwa mama ntilie wa Manzese. Vidole vya kaka yake vimepona na saa anatengeneza. Safari ya Mikumi tumeipanga upya, na safari hii tutapita Mamboya kumshukuru mzee. Nimepangiwa kubeba dira tu.