Sehemu ya 6: Simu isiyo na kasoro haipo, chagua kasoro utakayoishi nayo



Wiki iliyopita tuliongelea homa ya mtoto na ile tabia yetu ya kumfunika mablanketi. Baadaye mama mmoja akaniandikia: "Nesi, nina laki tatu tu, simu yangu imekufa, ninunue ipi?" Nilicheka, nikamjibu mimi ni nesi, si fundi simu. Ila usiku nikalala nayo lile swali. Kwa mama mwenye mtoto mdogo simu si urembo. Inakaa pale pale zinapokaa kipimajoto na pakiti za ORS. Kwa hiyo leo tuongee simu.

Naomba nianze na jambo ambalo sijawahi kuliandika hapa.

Kuna simu nilinunua Kariakoo, iliyotumika, ya jina kubwa. Niliipenda kwa kamera. Mwanangu wa pili alikuwa ndiyo anaanza kutembea na mimi nilitaka picha nzuri, basi. Baada ya miezi michache ikaanza kuzima yenyewe. Mwanzoni inazima ikifika asilimia 15, nikasema si mbaya. Ikaja 20. Ikaja 25. Fundi akaniambia betri imechoka, nyingine ni 35,000. Nikawa naahirisha. Mara ada, mara gesi, mara mchango wa harusi. Na picha zilikuwa nzuri kweli, jamani.

Siku hiyo nilikuwa zamu ya usiku. Baba yao yuko safarini na lori, njia ya Tunduma. Saa tano usiku nikatazama simu, asilimia 34, nikairudisha mfukoni. Nikaendelea na kazi. Wodi ilikuwa imejaa, watoto wawili wana homa kali, nimewasimamia hadi alfajiri.

Saa kumi na mbili asubuhi nikatoa simu kumuuliza dada wa nyumbani kama watoto wameamka. Imezima. Nikaichomeka chaji pale ofisini, ikawaka, meseji zikaanza kuingia mfululizo. Mwanangu alipata degedege saa saba usiku. Dada alinipigia mara kumi na moja, kila mara anaambiwa namba haipatikani. Hakuwa na namba nyingine ya kunipata. Ni jirani yetu, mama mtu mzima, aliyembeba mtoto kwenye bajaji hadi kituo cha afya.

Mtoto alipona, namshukuru Mungu, sasa hivi anaruka kwenye kochi wakati naandika. Ila niwaambie ukweli: usiku ule nilikuwa nahudumia watoto wa wenzangu wenye homa, na wangu anatetemeka Ilala mikononi mwa binti wa miaka 19 aliyekuwa analia. Na siwezi kusema sikujua. Kasoro ya ile simu niliijua miezi mitatu nzima. Niliipima vibaya tu.

(Kwa faida ya wasiosoma sehemu zilizopita: mtoto akipata degedege mlaze ubavu mahali salama, usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, usimshikilie kwa nguvu, kisha mwahishe hospitali. Dada wa nyumbani naye ayajue haya, si wewe peke yako.)

Haya, sasa turudi kwenye laki tatu yako.

Kwa bajeti hiyo hupati simu isiyo na kasoro. Ukinunua mpya ya bei ndogo, itakuwa nzito au kamera yake hafifu. Ukinunua iliyotumika ya jina kubwa, ni nzuri lakini imeshakula umri kwa mtu mwingine. Kwa hiyo usiulize "ipi haina tatizo?" Uliza "tatizo lake ni lipi, na usiku wa manane litanigharimu nini?"

Sisi wodini tuna utaratibu. Wagonjwa wakija kwa pamoja hatuanzi na anayelia sana. Mwenye kidonda mguuni anayepiga kelele anaweza kusubiri. Mtoto aliyenyamaza, anayehangaika kupumua, ndiye anatangulia. Simu nayo ipime hivyo hivyo.

KUNDI LA KWANZA: kasoro ambazo hazivumiliki, hata ukipunguziwa bei nusu.

Betri na chaji. Simu ikizima huna simu. Jueni kitu kimoja: ile asilimia mnayoiona ni makadirio. Betri iliyochoka inaweza kuandika 34, lakini simu ikihitaji nguvu nyingi kwa mara moja, kwa mfano inapohangaika kutafuta mtandao ndani ya jengo lenye kuta nene, betri inashindwa kusukuma na simu inazima. Na betri ikivimba, mfuniko wa nyuma umeinuka au kioo kimeanza kuachia, hiyo haitumiki tena. Inaweza kuwaka moto. Usiitoboe, usiilalie, usimpe mtoto achezee.

Maiki, spika na mtandao. Simu ambayo unasikia lakini husikiki itakuumbua siku unaomba msaada.

Tachi. Kama kuna sehemu ya kioo haisikii kidole, au simu inajibonyeza yenyewe, siku moja itashindwa kupokea simu unayoisubiri.

KUNDI LA PILI: zinakera, ila zina dawa. Kioo kilichopasuka kidogo pembeni lakini tachi nzima. Nafasi ndogo ya kuhifadhi (futa zile video za "habari za asubuhi" kutoka kwenye magrupu, utashangaa). Kuwa nzito. Hapa mwombe muuzaji apunguze bei.

KUNDI LA TATU: urembo. Kamera nne nyuma, rangi inayobadilika juani, wembamba. Ukibaki na hela, sawa.

Kosa langu mimi ni kwamba nilinunua kwa kundi la tatu, nikavumilia kasoro ya kundi la kwanza.

Baada ya ile asubuhi nilirudi Kariakoo. Nilitembea kwa miguu kutoka Ilala Boma kwa Barabara ya Uhuru, nikaingia upande wa Msimbazi na Aggrey kwenye maduka ya simu. Si unajua pale, hujavuka hata barabara winga ameshakushika mkono: "Dada, simu? Njoo nikupeleke, bei ya jumla." Mawinga ni vijana wanaotafuta riziki, siwasemi vibaya. Ila duka si lao, na cha kwao kinaongezwa kwenye bei yako. Siku ya kununua nenda asubuhi, umekula, na usiende na mtoto mgongoni. Mtoto akianza kulia utanunua chochote ili uondoke.

Winga mmoja akaniapia kuwa Tecno hazifai, nichukue Infinix, "kampuni tofauti kabisa dada." Tecno, Infinix na itel zote zinatoka kampuni moja ya China inayoitwa Transsion. Usibishane, tabasamu tu, endelea kukagua simu yenyewe.

Hivi ndivyo nilivyokagua. Ilichukua kama nusu saa, na muuzaji alininunia. Mwache anune.

1. Bonyeza *#06#. Zitatokea namba za IMEI. Zifanane na za kwenye boksi. Kisha zitume kwa meseji kwenda 15090, ule mfumo wa TCRA, utajibiwa simu hiyo ni ya aina gani. Ukijibiwa jina jingine na lililoandikwa mgongoni, rudisha simu, shukuru, ondoka. Wakubwa wenzangu mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima, watu waliamka hazina mtandao.

2. Weka laini yako mwenyewe. Piga kwa mtu, ongea naye dakika mbili sikioni, halafu kwa spika. Muulize ananisikiaje. Angalia pia kioo kinazima ukiweka sikioni na kinawaka ukitoa.

3. Shika kialama cha programu yoyote, kiburute taratibu kioo kizima, kona hadi kona. Kikiachia mahali pamoja kila ukipita, hapo tachi imekufa.

4. Betri. Usikubali kupewa simu iliyojaa asilimia 100, hiyo haikuambii kitu. Omba iliyo chini ya 40. Ongeza mwanga hadi mwisho, washa tochi, cheza video dakika kumi. Asilimia zikiruka ruka, mfano kutoka 38 hadi 31 ghafla, au simu ikichemka kama chapati, achana nayo.

5. Chomeka chaja, tikisa waya kidogo. Chaji isikatike.

6. Kwa iliyotumika, ifutwe yote mbele yako na uianzishe upya ukiwa bado dukani. Ikikuomba akaunti ya Google ya mtu usiyemjua, hiyo ina mwenyewe. Inawezekana ni ya wizi, na matatizo yake yatahamia kwako.

7. Simu ya laki mbili inayojiandika ina GB 512? Mama, kimbia.

8. Risiti ya EFD na kadi ya waranti, IMEI ziandikwe. "Nitakuandikia ukirudi" siyo waranti.

Mwishoni nilibaki na mbili mezani. Moja iliyotumika, kioo kizuri sana, kamera ya kutamanisha, 300,000. Niliipima, betri ikashuka asilimia tano kwa dakika kumi. Nyingine mpya, ya kawaida, betri ya 5,000 mAh, kamera yake Mungu anajua, 240,000. Nisiwadanganye, nilisimama pale muda mrefu. Moyo ulikuwa kwa ile ya kwanza. Muuzaji akasema, "Dada, betri si unabadilisha tu?" Nikamwambia ndivyo nilivyojiambia ile ya kwanza.

Nikachukua ya 240,000. Kava na protekta 10,000. Nikanunua na kitochi cha 35,000. Nauli na glasi ya juisi ya miwa vilitoka kwenye iliyobaki.

Kitochi hicho hakitoki nyumbani. Kinakaa juu ya kabati, kina laini yenye salio, kinachajiwa kila Jumapili. Msikidharau. Kinakaa na chaji siku kadhaa, kikianguka kinaokotwa, na unatuma hela kwa kubonyeza namba bila bando wala intaneti. Kwa mama mjamzito, kinapiga 115 bure. Hiyo ni namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Iandike leo.

Neno kuhusu simu za mkopo, maana najua mtaniuliza. Sisemi ni mbaya, wengine ndiyo njia pekee. Ila chukua karatasi: kianzio, jumlisha malipo ya siku mara siku zote. Linganisha na bei ya taslimu. Halafu uliza kabla hujasaini: nikichelewa siku moja, simu inafungwa? Ikifungwa, naweza kupiga na kupokea? Maana hiyo nayo ni kasoro, na inaweza kukukuta siku mtoto anaumwa na hela huna.

La mwisho halihitaji hela. Pale kwangu, nyuma ya mlango wa sebule, kuna karatasi yenye namba tano: yangu, ya baba yao, ya jirani, ya dereva bajaji wa mtaani, na ya mwenzangu wa zamu. Namba hizo hizo nimeziandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mtoto. Ningekuwa nayo karatasi ile mapema, dada angempigia mwenzangu na mimi ningekuwa pale kituoni kabla degedege haijaisha kuhadithiwa. Simu yoyote inaweza kuzima, hata ya milioni mbili.

Juzi mwanangu ametimiza miaka mitatu. Picha nilizopiga na hii simu zimetoka kama tulikuwa jikoni kwenye moshi wa mkaa, keki huioni vizuri. Jirani yetu yule wa bajaji yupo katikati amembeba, uso haueleweki, ila kicheko unakiona. Nimeisafisha, nimeibandika ukutani.

Usiku wa leo niko zamu. Simu iko asilimia 61, na ninaiamini.

Kabla hujalala, nenda kaandike namba zako tano nyuma ya mlango. Ukimaliza niambie hapo chini "nimeandika", niwahesabu. Sehemu ya 7 tutaongea dawa mnazohifadhi juu ya friji.

Usiku mwema.