Mbuzi wa pili

Ukimwambia mtu wa Bujumbura kwamba wewe ni mkimbizi na ulikuwa unakaa Kigobe, anakutazama mara mbili. Kigobe ni mtaa wa Bunge, wa mageti ya chuma na magari yenye vioo vyeusi. Sisi Wakongomani wa mjini tunajulikana Kinama, Kamenge, Buyenzi, Bwiza. Lakini katikati ya yale magorofa kulikuwa na parseli moja ya zamani: nyumba ya matofali, mabati yameshika kutu, miembe miwili, migomba, ng'ombe mmoja na mbuzi wanne. Hapo nilikaa karibu miaka sita.

Nilivuka Kavimvira mwezi wa tisa mwaka 2017, mapigano yalipofika Uvira. Nilikuwa na watoto watatu na sufuria moja. Nyinyi mnaosoma hapa mnajua: kambini wanagawa chakula, mjini kila mtu anajitafutia. Nilipita geti kwa geti nikiomba kazi ya kufua, mpaka nikafika kwa bibi mmoja mjane. Yeye hakuuliza habari ya kufua.

"Unajua kukamua?"

"Najua, Bibi. Baba yangu alikuwa na ng'ombe kule Sange, kabla vita havijawamaliza."

"Basi ingia."

Kukamua nilijua, lakini maziwa ya kwao sikuyajua. Kwetu tunasema mashanza, wao wanasema ikivuguto, nikadhani ni kitu kimoja tu. Siku ya kwanza nikaosha kibuyu chake kwa sabuni, kikatakata kabisa. Bibi alikinusa, akakaa chini kama mtu aliyefiwa. "Umeniulia kibuyu."

Kumbe kibuyu cha maziwa unakiosha kwa maji ya moto peke yake, unakianika juani, halafu unakifukiza moshi wa majani. Sabuni inaondoa kila kitu. Nilijifunza upya kama mtoto. Unaacha maziwa yagande, unayamimina katika igisabo, kile kibuyu kikubwa cha kusukia, unakaa kwenye mkeka na kukisukasuka juu ya paja. Mkono unachoka, lakini sikio ndilo linalofanya kazi: mlio wa maji unageuka kuwa mlio mzito. Hapo siagi imejikusanya. Siagi ilikuwa ya Bibi. Maziwa tuligawana, mengine walikunywa watoto, mengine niliuzia mazamu na mafundi waliokuwa wanajenga kwa majirani. Saa nne asubuhi walikuja na viazi vitamu vyao, wakanywa wamesimama. Pesa hiyo ndiyo ilinunua unga wa muhogo, ndagala na makaye ya shule.

Mwaka wa pili Bibi akaniambia anataka kuniragiza mbuzi. Warundi wana desturi hiyo: mwenye mnyama anampa mtu amtunze, na katika wale wanaozaliwa mtunzaji anapata sehemu yake. Patano letu lilikuwa rahisi: wa kwanza wake, wa pili wangu. Nikamwambia inatosha Bibi, nimekubali. Akakataa. "Kitu hakitolewi bila pombe." Akanunua kasiksi, ile wao wanaiita urwarwa, akamwita zamu wa jirani, mama mmoja muuza makala na mzee wa nyumba kumi. Wakanywa, akasema maneno yake mbele yao. Mimi nilikuwa nawaza sombe yangu inayoungua kwenye mbabula. Niliona ni mchezo wa wazee.

Wa pili alizaliwa jike. Sijui nieleze vipi. Bujumbura nilikuwa nimepata vitu: blanketi, nguo, kadi ya mkimbizi. Vyote nilipewa. Huyu nilimfanyia kazi.

Mwaka 2021 sheria ya kukataza mifugo kuzurura ikaanza kutekelezwa, tukafungia wote zizini. Kijana wangu mkubwa akawa anaamka saa kumi na moja kukata majani kando ya Ntahangwa, ndipo aende shule. Jike letu likazaa. Tukawa na watatu.

Bibi alifariki mwaka 2023. Watoto wake walikuja kutoka Ulaya. Baada ya matanga akaja mtu na kamba ya kupimia kiwanja. Kesho yake mtoto mkubwa akaingia zizini, akahesabu wanyama, akaandika.

"Mama, hawa wote ni mali ya familia. Ama uko na karatasi?"

Ukiwa mkimbizi unajifunza kunyamaza mbele ya mtu mwenye kalamu. Nilikuwa na watatu wangu pale, wananijua kwa sauti, na mdomo ukasema: "Hapana, papa. Sina."

Zamu wa jirani alikuwa anasikia nyuma ya ukuta. Akaingia na kofia mkononi. "Patron, unisamehe. Ile pombe mimi niliikunywa." Akaeleza siku, akaeleza mbuzi. Yule mama wa makala naye akaitwa, akasema yale yale. Mtoto wa Bibi alisimama muda mrefu. Halafu akafuta watatu kwenye hesabu yake. Hakusema kitu, nami sikusema asante. Nilishindwa.

Nilihamia Kinama, chumba kimoja. Mwenye nyumba hakutaka mbuzi hata mmoja. Nikauza wawili, nikalipa kodi na shule. Igisabo nilikiomba, hakuna aliyekitaka. Kinaning'inia juu ya kitanda na ninakifukiza mara moja moja, ingawa hakina maziwa.

Jike nilimragiza kwa dada mmoja mwenye shamba kule Isale. Wa kwanza wangu, wa pili wake. Naye alisema inatosha, ananiamini, tusiharibu pesa.

Nikamwambia aite majirani. Pombe niliinunua mimi.