Watoto wa Wavuvi katika Kisiwa cha Barbados

Wasomaji wetu wa pwani hawahitaji kufunzwa maisha ya mvuvi. Wengi wao wamelelewa katika harufu ya nyavu zilizoanikwa, na tangu utotoni wamejua kuwa riziki ya baharini haina siku wala saa. Lakini ni wachache waliopata khabari za wavuvi wenzao wa visiwa vya Karibi, upande wa pili wa bahari ya Atlantiki, na hasa wa kisiwa cha Barbados, ambako mtoto wa mvuvi hulelewa kwa namna ambayo mara hufanana sana na ya kwetu, na mara huwa mbali nayo kabisa. Khabari hizo ndizo tutakazozieleza hapa.

Barbados ni kisiwa kidogo. Urefu wake ni kilomita 34 tu, na upana wake kilomita 23. Unguja yaweza kukimeza mara tatu na nafasi ikabaki. Wala hakikupangana na visiwa jirani, bali kimejitenga mashariki yao, peke yake, katika maji ya Atlantiki. Watu wa huko hawana kusi na kaskazi kama sisi, maana upepo wao huvuma kutoka mashariki takriban mwaka mzima. Kwa hiyo katika pwani ya mashariki, penye kijiji cha Bathsheba, mawimbi hupasuka juu ya miamba usiku na mchana, ilhali pwani ya magharibi aghalabu ni shwari kama maji ya birika. Wavuvi wengi hukaa upande huo wa magharibi na wa kusini, katika vijiji kama Weston na Six Men's, na katika mji mdogo wa Oistins wenye soko kubwa la samaki.

Waingereza walianza kukaa kisiwani humo mwaka 1627. Baadaye waliigeuza karibu nchi nzima kuwa mashamba ya miwa, wakaleta Waafrika kwa maelfu kuyalima wakiwa watumwa. Utumwa ulifutwa mwaka 1834, ikafuata miaka minne ya utumishi wa lazima, na uhuru kamili ukapatikana 1838. Walipokwisha kuwa huru, watu wale hawakupata ardhi. Visiwa vingine vya Karibi vina milima na misitu ambako mtu aliweza kujilimia kwa siri au kwa dhahiri. Barbados ni tambarare, na kila shubiri yake ilikuwa na bwana wake. Bahari peke yake ndiyo iliyokuwa haina ua. Hapana ajabu, basi, kuwa baadhi yao waliuona uvuvi kuwa ndiyo njia ya kula bila ya kumwinamia mwenye shamba.

Samaki wa nchi ile ni panzi, yule arukaye. Ni wa kadiri ya shubiri, na mapezi yake ya ubavuni ni marefu mfano wa mbawa; akifukuzwa na fulusi hujirusha juu ya maji, akaelea hewani kitambo, kisha akarudi alikotoka. Watu wa Barbados humpenda hata wamemchora katika sarafu yao ya dola moja. Umri wake ni mfupi, hauzidi mwaka mmoja na nusu hivi. Huonekana kwa wingi tangu Desemba hata Juni. Miezi inayobaki ni miezi ya vimbunga, nayo katika nyumba ya mvuvi ni miezi ya kutengeneza chombo, ya kuvua karibu na mwamba kwa mishipi na madema, na ya kukopa.

Namna ya kumvua yapendeza kuelezwa. Panzi hutaga mayai yake juu ya vitu vinavyoelea, kwa sababu mayai hayo yana nyuzi za kujishikiza. Wavuvi hufunga matita ya majani makavu ya miwa au ya makuti, wakayatupa yaelee ubavuni mwa chombo, na huning'iniza pamoja nayo kikapu cha samaki waliopondwa ili mafuta yao yatandae juu ya maji. Kisha hungoja. Panzi huja kutaga, kundi baada ya kundi, wakanaswa katika nyavu zilizotandazwa. Na wakiwa wengi sana huwa hapana haja ya wavu mkubwa, huchotwa kwa kimia cha mkono. Na huyo fulusi ajaye kuwafuata panzi, naye hukuta mshipi wake unamngoja.

Zamani, katika visiwa vingi vya huko, chombo kilipofika na samaki lilipulizwa ganda kubwa la kombe lililotobolewa, mfano wa baragumu, na watoto wakakimbilia pwani na makarai. Mtoto wa mvuvi huanza kazi kabla ya kujua kuwa ni kazi. Husaidia kuvuta kamba na kuteka maji, na hulinda ile mashua ndogo iitwayo moses (jina ambalo kwetu ni Musa) impelekayo mvuvi kutoka ufukoni hata kwenye chombo kikubwa kilichotia nanga. Hufunzwa pia mti wa kuogopwa. Huota ufukoni huko mti uitwao manchineel, wenye tunda la kijani mfano wa tufaha dogo, lenye sumu; utomvu wake huchoma ngozi, hata ajikingaye mvua chini yake hutoka na malengelenge. Nadhani mama wa huko humhofia mwanawe mti huu kuliko anavyomhofia papa.

Kazi ya baba huonekana na kila mtu, lakini ya mama yastahili zaidi kuandikwa. Panzi ana miiba midogo mingi mno, na mnunuzi hataki miiba. Basi wanawake, kwa kisu kifupi chenye makali, humpasua, wakautoa uti wa mgongo na safu za miiba ya ubavuni, wakamkunjua akawa bapa, mzima, bila ya nyama kukatika. Mkono uliozoea huyafanya yote haya kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Mkono usiozoea humharibu samaki, ukajikata na wenyewe. Binti huanza kwa kupara magamba. Kisu hupewa baadaye. Tena wanawake ndio wauzaji wakubwa, na wengi wa watoto wa Barbados waliosoma wamelipiwa vitabu kwa fedha za kisu hicho. Maana baba huleta samaki, na samaki si fedha mpaka auzwe. Na siku ya neema ina dhiki yake, kwani vyombo vyote vikirudi vimejaa, bei huanguka jioni ile ile.

Panzi huyo hutiwa ndimu, kitunguu, pilipili na majani ya viungo, akaliwa kwa chakula kiitwacho cou-cou. Msomaji asitishwe na jina. Ni unga wa mahindi uliosongwa kwa mwiko bapa, pamoja na maji ya bamia na bamia zenyewe. Ni ugali, ndugu msomaji, uliovuka bahari pamoja na watu wa Afrika.

Waislamu Barbados ni wachache, na aghalabu si wavuvi. Wa kwanza kati ya wale waliotoka Bara Hindi waliwasili katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kutoka Bengal, kisha wakafuatwa na wengi zaidi kutoka Gujarat. Walizunguka vijijini, vikiwemo vijiji vya wavuvi, wakiuza nguo na vyombo vya nyumbani kwa kukopesha, na kurudi kila juma kupokea kidogo kidogo. Historia yao imeandikwa na Bwana Sabir Nakhuda katika kitabu kilichotoka mwaka 2013. Na jina lake, kama msomaji ajuavyo, ndilo nahodha letu.

Tarehe 22 Septemba 1955 kimbunga kilichoitwa Janet kilikipiga kisiwa, kikaua watu 35 na kuvunja vyombo vingi. Wakati ule serikali ilikuwa imekwisha kuanza kuwakopesha wavuvi fedha za kununulia mashine, na baada ya msiba huo tanga lilitoweka upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 yakaja mageuzi mengine: vyombo vyenye masanduku ya barafu, viwezavyo kukaa baharini siku nyingi, hata juma zima au zaidi. Samaki waliongezeka. Lakini baba aliyekuwa akirudi kila jioni sasa alirudi baada ya siku sita au saba, na mtoto aliyekuwa akimngoja ufukoni hakujua tena siku ya kumngoja.

Kisha ni mambo ya shule. Tangu 1962 elimu ya sekondari imekuwa bure Barbados. Kabla yake, mtoto wa mvuvi mwenye akili aliishia madarasa ya chini kwa kukosa ada, akaingia chomboni. Kabla ya hapo pia, tangu 1956, idara ya mabasi na treni ya London ilikuwa ikiandika vijana wa kisiwa hicho na kuwapeleka Uingereza. Wako wasemao kuwa shule na safari ndizo zilizovimaliza vyombo watu. Mimi siwafuati. Baba aliyevua usiku ili mwanawe akae mezani na kalamu amekipata alichokivulia. Ila ni kweli kuwa aliyerithi kalamu hakurithi macho ya kuujua mkondo wa maji.

Na mkondo wenyewe umeleta taabu. Panzi huhama kuelekea Tobago, na wavuvi wa Barbados walizoea kumfuata. Mwaka 2004 baadhi yao walikamatwa huko, na nchi hizi mbili zikapelekana mbele ya waamuzi wa kimataifa. Hukumu ilitolewa tarehe 11 Aprili 2006: mpaka ulichorwa, na wavuvi wa Barbados hawakupewa haki ya kuvua katika maji ya Tobago, nchi zote mbili zikatakiwa zijadiliane juu ya jambo hilo. Panzi hakuarifiwa. Tangu 2011 ukaja mwani wa rangi ya hudhurungi uitwao sagasamu, ukitanda juu ya bahari kwa wingi usiopata kuonekana, ukizinasa nyavu na mashine. Sasa panzi ana vitu vielevyo chungu nzima vya kutagia, haji tena kwenye matita ya mvuvi kama zamani, na wanaovuliwa wamepungua sana.

Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kilipita kusini ya kisiwa. Nyumba nyingi zilisalimika. Lakini vyombo vilikuwa vimekusanywa katika bandari ya wavuvi ya Bridgetown kwa ajili ya usalama, na mawimbi yaliingia humo humo, yakavigonganisha kimoja kwa kimoja. Vyombo vipatavyo 200 viliharibika, na vingine vikazama. Chombo kimoja kikivunjika, nahodha hukosa kazi, na mabaharia wake, na mwanamke mwenye kisu, na muuzaji, na mtoto aliyekuwa alipiwe sare ya shule Septemba. Msimu wa panzi ulikuwa umebakiwa na miezi mitano kuanza, na miezi mitano haitoshi kujenga chombo kwa mtu asiye na bima.