Ukoka na Wachelewaji

Mwaka jana, wakati wenzangu wa Elimu wanahesabu wiki za TP zilizobaki, mimi nilikuwa nahesabu vifundo vya ukoka. Nilipangiwa sekondari moja ya kata ya Kang'ata, wilayani Handeni. Siku ya pili tu Mkuu wa shule akanionyesha kipande cha ardhi kuzunguka mlingoti wa bendera. Zamani palikuwa bustani ya majani. Nilichokiona mimi ni udongo uliokanyagwa ukawa kama sakafu, na viraka vya majani makavu hapa na pale, kama kichwa chenye mapunye.

"Mwalimu, wewe si unafundisha baiolojia? Utatusaidia hapo."

Ningesema nini? Usanisinuru nimeusoma mpaka nikauota. Lakini kwetu uwanja mzuri ni ule uliofagiwa kwa fagio la chelewa mpaka mistari inaonekana. Jani likichomoza linang'olewa. Majani ya bustani sikuwahi kuyapanda hata siku moja.

Nikaanza kwa kuharibu. Niliwapa Kidato cha Pili majembe, tukang'oa kila kilichoonekana kimekufa. Mzee mlinzi alitutazama muda mrefu, kisha akauliza taratibu, "Sasa mwalimu, ukoka umekukosea nini?" Akaokota kipande tulichotupa, akakivunja. Nje kikavu, ndani kibichi. Kumbe kiangazi ukoka hujilaza tu. Unatambaa juu ya ardhi na chini yake, na kifundo kikipata udongo wenye unyevu kinatoa mizizi. Yaani tulikuwa tumeng'oa mbegu yetu wenyewe. Mchana ule tukaokota tulichotupa, tukakatakata vipande vyenye vifundo vitatu vitatu, tukatifua udongo na kuvipanda kwa mistari.

Shida ni kwamba ilikuwa Julai. Masika yameshapita, vuli bado iko mbali. Kupanda majani Handeni mwezi Julai ni sawa na kusubiri bumu wakati wa likizo. Yalihitaji maji kila siku, na tangi la shule lilikuwa la kunawia na kupikia. Hapo ndipo nilipopata wazo nililoliona la kijanja sana: wachelewaji. Wiki yangu ya zamu nikatangaza paredi kwamba atakayechelewa ataleta ndoo moja kutoka lamboni. Walimu wengine wakalipenda, zamu zilizofuata nao wakaendelea nalo. Baada ya wiki mbili ncha za kijani zikaanza kuonekana. Nikapiga picha, nikaweka status.

Kulikuwa na binti mmoja wa Kidato cha Pili aliyechelewa karibu kila siku. Hakuwahi kubisha. "Shikamoo mwalimu," anachukua ndoo, anaondoka. Zamu iliponirudia, nikamuuliza kwa ukali kwa nini adhabu haimwingii.

"Mwalimu, mimi natoka huko huko lamboni. Nachota ya nyumbani kwanza."

Saa kumi alfajiri anakuwa kwenye foleni. Safari mbili hadi nyumbani, ndipo avae sare aanze kutembea kuja shule. Halafu anafika, namrudisha alikotoka, akachotee majani. Wakati wenzake wako kipindi cha kwanza. Kipindi changu.

Kwenye saikolojia ya elimu nimeandika kurasa nzima juu ya Skinner, kwamba adhabu inazima tabia kwa muda tu wala haifundishi nyingine. Nilipata A.

Niliacha. Ila sikusimama paredi kueleza kwa nini. Nilisema tu majani yametosheka. Nilimgusia Makamu habari za yule binti, akanijibu kwamba tukimruhusu mmoja, kesho shule nzima itakuwa inatoka lamboni. Hakuwa amekosea kabisa, na mimi nilikuwa mwanafunzi wa TP. Nilichoweza ni kutoliandika jina lake siku za zamu yangu.

Ukoka wenyewe tuliunusuru kwa maji ya kunawia na ya kupigia deki, tukafunika mistari kwa mabua ya mahindi ili unyevu usikimbie. Mwingi ulikufa. Chini ya mwarobaini tulikata tamaa kabisa, maana ukoka haupendi kivuli. Pale tukaweka gogo la kukalia. Kulikuwa pia na njia ya mkato toka getini hadi madarasani. Nilikuwa nimeiziba kwa miba, madogo wakatoboa nyingine katikati ya mistari yangu. Mwisho nikaondoa miba, tukaipanga mawe pembeni ikawa njia rasmi. (Mhadhiri aliyekuja kunikagua aliiona njia, akapita juu ya majani.)

Novemba, vuli ikiwa imekolea, mwalimu mmoja alinitumia picha WhatsApp. Sikuamini. Ukoka umefunika zaidi ya nusu, umeruka mawe na kuanza kuila njia. Nikaikuza picha nifaidi vizuri. Karibu na mlingoti, chini ya wingu zito la mvua, palikuwa na ndoo tano zimepangwa mstari, zimejaa.

Nikamuuliza za nini, na mvua zote hizo.

"Za wachelewaji," akajibu. "Si utaratibu wako ule?"